Walininunulia Bima

Nilianza kulala nimekaa msimu ule ambao wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wanagombania wakulima mpaka mashambani. Bariadi wakati huo ilikuwa bado iko Mkoa wa Shinyanga, na ilikuwa na pesa. Mtu akishauza pamba, siku ya pili yuko sokoni anatafuta shati, na meza ya mitumba iliyojulikana kwa mashati ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mume mmoja, binti mmoja anayeitwa Ngolo, na mikono ya kukata kamba za belo bila kuomba msaada.

Kwanza nikashindwa kubeba. Nikasema ni uchovu. Halafu kanisani nikashindwa kumaliza pambio moja bila kusimama katikati kuvuta pumzi, mama aliyekuwa pembeni yangu akanigeukia. Halafu kitanda kikanikataa. Nikilala chali najisikia kama nazama, maji yananipanda kifuani, nashtuka. Kulikuwa na belo la makoti mazito ambalo halikuuzika, maana nani anavaa koti Bariadi? Nikaliweka kichwani mwa kitanda nikawa naliegemea. Nimelala hivyo kwa misimu miwili.

Miguu ikavimba. Ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Lakini juu nilikuwa nakwisha, mashavu yameingia, mifupa ya shingo imetoka. Miaka ile mwanamke mfanyabiashara akikonda, watu hawaulizi anaumwa nini. "Mama Ngolo amekanyaga miwaya," walisema, maana yake nina ukimwi. Wengine walisema nimerogwa na wenzangu wa sokoni. Wateja wakaanza kukagua mashati yangu kwa ncha za vidole.

Daktari aliyenieleza ukweli nilimpata Mwanza, katika hospitali kubwa ya kule mlimani. Alisikiliza kifua changu muda mrefu, akaniuliza kama nilipokuwa mtoto niliwahi kuumwa koo na viungo. Nikakumbuka Nassa, nyumbani kwetu, mama akinisugua magoti na samli huku nalia.

"Ndiyo huo," akasema. "Mlango mmoja wa moyo wako umekakamaa. Haufunguki vizuri, haufungi vizuri. Hizi dawa zitakusaidia kusubiri. Hazitakuponya."

"Kusubiri nini, daktari?"

"Upasuaji. Hapa nchini bado hatuufanyi. India."

Alilitaja neno hilo kama mtu anayekuelekeza duka la jirani.

Kuanzia hapo kalenda yangu ikawa ni kliniki. Kila mwezi sindano ya nyama, nzito kama uji, inayokuacha unachechemea mpaka siku ya pili. Kila siku vidonge vya kukojoa. Na kila kliniki, safari ya basi mpaka Mwanza kwa barabara ya vumbi, na kwa sababu ya vile vidonge nilikuwa namwomba dereva asimame kila baada ya vijiji vichache. Abiria wanaguna, nami nashuka kwenye vichaka na miguu yangu ya tembo. Nilijifunza kutowatazama usoni wakati wa kupanda tena.

Benchi la kliniki ya moyo lilikuwa refu na halina mgongo. Wagonjwa wa moyo wote wanataka kuegemea, na benchi halina mgongo. Hapo ndipo nilipomfahamu mama mmoja muuza samaki kutoka Lamadi, mwenye ugonjwa kama wangu. Ndiye aliyenifundisha kukaa nimeinua miguu juu ya mfuko wangu, na kula chumvi kidogo, jambo lililomsumbua yeye kuliko sindano, maana samaki wake wa kukaanga ndio walikuwa sifa yake. Alikuwa amewekwa kwenye orodha ya wagonjwa wanaopelekwa na serikali. Kila mara tukikutana ananiambia zamu yake imekaribia. Kipupwe kilipoanza nikakuta nafasi yake imekaliwa na mtu mwingine. Nikamuuliza nesi, nesi akanishika bega tu, akaendelea kuita majina.

Nilirudi Bariadi siku hiyo nikamwambia mume wangu, Jilala: "Mimi sisubiri orodha. Tuuze ng'ombe."

Jilala si mtu mbaya. Naliandika hili mapema kwa sababu yatakayofuata yatawafanya mfikirie vingine. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika. Ushirika ulipokufa akawa anawanunulia pamba matajiri wa Mwanza. Ila ng'ombe hawakuwa wake peke yake. Walikuwa wa ukoo, na walikuwa Mwandoya chini ya kaka yake mkubwa, Maduhu. Kuuza ng'ombe ilikuwa lazima kikao kikae.

Kabla ya kikao tulikwenda Mwanza kwenye ofisi ya wakala wa tiketi. Mashirika mapya ya ndege yalikuwa yamefunguliwa na ofisi za namna hiyo zilichipuka, zina feni na picha za ndege ukutani. Dada wa mle ndani alikuwa na kucha nyekundu na sauti nzuri. Alitueleza kwamba njia ni mbili. Kuna tiketi ya bei ya juu ambayo ukiahirisha au ukishindwa kusafiri, unarudishiwa nauli au unabadilishiwa tarehe. Na kuna tiketi ya bei ya chini, ambayo ukikosa ndege imekufa, ila unaikatia bima ya safari. Ukiugua, bima inalipa.

"Nikiugua ugonjwa gani?" nikamuuliza.

"Ugonjwa wowote wa ghafla, mama."

"Huu wangu si wa ghafla. Ninao tangu utotoni. Nikizidiwa na huu huu, bima italipa?"

Alimtazama Jilala, hakunitazama mimi. "Mzee, bei ndiyo hizo. Mkaamue wenyewe."

Tukaondoka. Njiani nikamwambia Jilala, yule dada hajanijibu. Jilala akasema tutalizungumza nyumbani.

Kikao kilikaliwa Mwandoya, nyumbani kwa Maduhu, mchana wa jua kali. Walikuwepo Maduhu, Jilala, na baba yao mdogo. Mimi nilitandikiwa mkeka pembeni, miguu nimeinyoosha mbele kwa sababu kuikunja nilikuwa siwezi. Tulisalimiana vizuri, mwadila, mwadila, chai ikaletwa. Maduhu akasema: "Haya, Jilala, eleza."

Jilala akaeleza kama tulivyoelezwa. Aliposema tofauti ya bei, ikahesabiwa kwa ng'ombe, baba mdogo akapiga mluzi.

"Na hiyo bima inatoa nini hasa?" Maduhu akauliza.

"Ukiugua ghafla. Ukipotelewa na mizigo. Na..." Jilala akanitupia jicho, akaangalia chini. "Na mtu akifia huko, inamrudisha."

"Inamrudisha vipi?"

"Kwa ndege. Kwenye sanduku. Mpaka Mwanza."

Maduhu akaweka kikombe chini. "Sasa hapo ndipo umeongea."

Ninaomba msomaji unielewe. Nilikuwa nimekaa pale, nasikia. Walianza kuzungumza juu ya maiti yangu kama watu wanaozungumza juu ya mzigo wa pamba. Je, bima inafikisha mpaka Mwandoya, au inaishia uwanja wa ndege? Kama inaishia uwanja wa ndege, gari la kunitoa pale litakodiwa na nani? Baba mdogo akauliza mvua zitakuwa zimeanza au bado, kwa sababu barabara ya kwao ikishanyeshewa haipitiki, na sanduku haliwezi kukaa Mwanza siku nyingi. Jilala akajibu maswali yote. Alijibu vizuri, kama karani. Ile tiketi ya kurudishiwa hawakuitaja tena, kwa sababu yenyewe inarudisha nauli tu, hairudishi mtu.

"Shemeji," nikamwambia Maduhu, "naomba niseme."

"Sema, Mama Ngolo."

"Mimi siogopi kufia India. Naogopa kufia hapa kabla sijapanda. Daktari amesema naweza kuzidiwa siku yoyote. Nikizidiwa wiki ya safari, hiyo tiketi ya bei ya chini imekwisha. Ile nyingine nitalazwa, nitapata nafuu, watanibadilishia tarehe, nitakwenda."

"Si ndiyo maana kuna bima?"

"Yule dada nilimuuliza kama bima inautambua ugonjwa huu. Hakunijibu. Muulize mdogo wako."

Wote wakamgeukia Jilala. Nami nikamgeukia. Palikuwa na kuku wanapekua karibu na mkeka wangu, nakumbuka nilikuwa nawasikia.

"Alisema ugonjwa wowote," Jilala akasema.

Alisema *wowote wa ghafla*. Neno moja alilidondosha, na hakulidondosha kwa bahati mbaya. Alikuwa mdogo mbele ya kaka yake, na kaka yake alikuwa ameshaamua.

"Basi," akasema Maduhu. "Na wewe shemeji, usijiitie kifo. Si vizuri."

Sikuwa nimekiita mimi. Wao ndio waliokuwa wameninywea chai nzima wakinizika. Walininunulia njia ya kurudi nikiwa maiti. Mimi nilikuwa naomba njia ya kwenda nikiwa hai.

Tiketi zikakatwa mbili, yangu na ya Jilala wa kunisindikiza. Tulishuka Mwanza siku chache kabla, tukafikia kwa binamu yake. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Nilikuwa nimeshonewa gauni jipya la safari, limepunguzwa mara mbili kabla sijalivaa. Siku moja kabla ya kuondoka nikaanza kukohoa, na kikohozi kikatoa povu la rangi ya waridi. Kila pumzi ilikuwa inakoroma kama mtu anavuta soda ya mwisho kwa mrija. Midomo ikawa ya bluu. Sikuiona mimi, niliiona kwenye uso wa Jilala.

Nililazwa. Walinivalisha oksijeni, wakanichoma sindano ya kukausha maji, wakaniwekea mpira wa mkojo. Kesho yake mchana nilikuwa nimekaa nimeegemeshwa mito, dirisha likiwa wazi, nikasikia ngurumo. Kutoka kule mlimani unaona mpaka ziwani. Jilala alikwenda dirishani.

"Ndiyo hiyo?" nikamuuliza.

"Ndiyo hiyo."

Akaiangalia mpaka ikaingia mawinguni. Viti vyetu viwili vilikuwa mle ndani, vitupu.

Alifuatilia bima mwenyewe, na nitampa haki yake, alifuatilia sana. Alikwenda na cheti cha daktari, akarudi, akaenda tena. Siku ya mwisho alikuja akakaa pembeni ya kitanda changu hajavua kofia.

"Wamekataa. Wanasema ugonjwa huu ulikuwa nao kabla ya kukata bima. Hawalipii."

Nikaweka sawa kinyago cha oksijeni.

"Nikawauliza," akaendelea, na sauti ikawa ndogo, "nikawauliza, na kama angefia kule India, mngemrudisha? Wakasema ni vilevile, mzee. Ugonjwa si ni ule ule?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka kile kinyago cha oksijeni kikanitoka na nesi akaja mbio akidhani nimezidiwa tena. Hata sanduku! Hata lile sanduku walilolipenda kuliko mimi, lilikuwa halimo. Jilala hakucheka. Alikuwa anatazama miguu yangu.

Maduhu alikuja kunitembelea mara moja. Aliniletea maziwa ya mgando, akauliza hali, akasema, "Sisi tumefanya sehemu yetu, shemeji. Zizi nalo lina mwisho." Maziwa niliyanywa, yalikuwa mazuri, na hilo nalo liliniuma.

Nilirudi Bariadi wakati wa palizi. Mtaa mzima ulikuwa mashambani, na mimi niko mlangoni nimeegemea belo langu, Ngolo akinisuka nywele ili mtu akija asinione nimechoka. Meza yangu sokoni ilikuwa imechukuliwa. Sindano ya mwezi ikaja, ikaja tena. Tumbo nalo likaanza kujaa, watu wakauliza kama nina mimba, na wanawake wawili waliniletea hongera. Niliwaitikia asante. Ni rahisi kuliko kueleza.

Pamba ilipoanza kupasuka, mama yangu alikuja kutoka Nassa. Alikuwa na furushi la dagaa na hakuwa ameambiwa yote. Aliingia, akanitazama kuanzia kichwani, akainama akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, akaliangalia lile shimo. Hakulia. Mama yangu hajui kulia mbele za watu.

"Wale ng'ombe wako wapo," akasema kwa Kisukuma.

"Ng'ombe gani, mayu?"

"Wa mahari yako. Wamezaa. Baba yako kabla hajafa aliniambia wasiguswe, ni wa kaka zako waje kuolea. Nimeongea na kaka zako. Wameguna, lakini wamekubali."

"Watu wa kina Jilala watasemaje?"

"Waseme. Hao ng'ombe walikuja kwa sababu yako. Waondoke kwa sababu yako."

Wakauzwa mnadani. Na mimi nikauza kila nguo iliyobaki, hata lile belo la makoti, alilichukua mtu mmoja wa kupeleka Mbulu kwenye baridi. Usiku ule wa kwanza bila belo niliegemea ukuta.

Kwa mara ya pili tukakaa mezani na swali lile lile, ila safari hii kikao kilikuwa mimi na Jilala peke yetu. Tukishatenga za hospitali, fedha zilizobaki zilitosha moja kati ya mambo mawili. Ama tiketi mbili za bei ya chini, yeye na mimi, na tusali nisizidiwe. Ama tiketi moja ya kurudishiwa, niende peke yangu.

"Twende wawili," Jilala akasema. "Huwezi kupasuliwa kifua katika nchi ya watu huna hata wa kukupa maji. Mungu hatakuangusha mara mbili."

"Mara ya kwanza hakuniangusha Mungu."

"Unaniadhibu."

"Siadhibu mtu. Naununua muda. Nikizidiwa tena, nibadilishiwe tarehe. Basi."

"Ni mahari yangu, Milembe." Aliniita jina langu la nyumbani, kitu ambacho hakukifanya tangu Ngolo azaliwe. "Mahari niliyokutolea mimi ndiyo inakununulia tiketi ya kuniacha. Unajua kwetu mahari ikirudi maana yake nini?"

"Haijarudi kwenu. Imekwenda India."

Nilikwenda mwenyewe kwa wakala, wakala mwingine. Nilimuuliza nikiahirisha wanakata kiasi gani, mwisho wa kutoa taarifa ni lini, na fedha zikirudi zinarudi kwa jina la nani. Nikasema yaandikwe, yakaandikwa. Jina likawa langu.

Sasa niwaambie lile ambalo watu huwa hawalitarajii. Sikuzidiwa. Wiki ya safari niliamka kila siku na pumzi yangu ile ile mbovu, haikuongezeka wala kupungua. Siku ilifika, nikapanda. Ile bei yote ya ziada sikuitumia hata senti. Jilala alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege Mwanza, akanishikia mkoba mpaka mahali wanapozuia wasindikizaji, ndipo akaniambia: "Umeona? Ningekuwa nakwenda na wewe sasa hivi."

Alikuwa na haki. Nikachukua mkoba wangu nikaingia. Jibu lake nimekuwa nalitafuta tangu siku hiyo. Nililonalo ni hili tu: katika zile wiki za kungoja, nikikohoa, nilikohoa tu. Sikuwa nakohoa huku nahesabu ng'ombe.

Ya India nitasema machache. Walikuwa watu wema na wenye haraka. Waliniosha, wakaninyoa, wakanisainisha kwa kidole gumba ingawa najua kuandika, maana walikwisha kuzoea. Nilipozinduka nilikuwa na mpira kooni na mikono imefungwa kitandani, na walipoutoa ule mpira, Kiswahili kilinitoka nao. Niliomba *minzi*, maji kwa Kisukuma. Minzi, minzi, kama mtoto wa Nassa. Manesi walikuja wakaangalia mashine, wakaondoka. Ndipo mwanamke mmoja wa pale pale, aliyekuwa anamuuguza mumewe kitanda cha jirani, alipokuja akatazama midomo yangu, akachovya kipande cha pamba kwenye maji akaniwekea. Mimi, mtu wa Bariadi, nikainyonya pamba. Akarudia, akarudia. Hatukuwa na hata neno moja la kuelewana. Wakati ule nilimtaka Jilala kwa hasira ambayo sikujua ninayo. Nilimtaka awe pale, na nilitaka asiwe amelidondosha lile neno kikaoni, likaninyima namna ya kumleta.

Nilirudi na mshono kuanzia kooni mpaka juu ya kitovu, na mlango wa chuma ndani ya moyo. Unalia. Chumba kikiwa kimya unausikia, tik, tik, tik. Miguu ilirudi kuwa miguu. Nilipoona mifupa ya vifundo vyangu nilikaa naishika kama viatu vipya. Nilimaliza pambio. Dawa ya kuzuia damu kuganda nitameza mpaka siku ya mwisho, na bado nakwenda Mwanza kupima damu, japo sasa barabara ni ya lami na dereva hasimamishwi na mtu.

Jilala alivumilia ule mlio kwa muda. Halafu akasema usingizi haumjii, anausikia hata akiziba masikio. Akahamia chumba cha mbele. Nilimwambia akae tu, utazoeleka. Akasema, "Kila ukilia unanikumbusha kwamba sikuwepo." Hajaoa mwingine, na namshukuru kwa hilo. Tunakula pamoja, tunakwenda misibani pamoja. Maduhu amekuja mara nyingi na tunasalimiana vizuri sana.

Siku hizi moyo unapasuliwa Dar es Salaam na watu wetu wa Simiyu hawana haja ya kufika nilikofika. Lakini wapo wanaokwenda bado, kwa saratani, kwa figo, na mtu akisikia kwamba kuna mama Bariadi aliwahi kupitia mambo hayo, anakuja. Kwa hiyo nasema hapa kwa wote. Kama mgonjwa tayari ana ugonjwa unaojulikana, muulize mtu wa bima swali moja: mtalipa akizidiwa na ugonjwa huu huu? Akikujibu kwa neno lingine lolote zaidi ya ndiyo au hapana, jua ni hapana. Bima hiyo ni ya sanduku la nguo. Akisema ndiyo, aandike. Na kama unaweza kumudu tiketi ya kurudishiwa, inunue ukijua kwamba pengine hutaitumia, na kwamba kuna mtu atakulaumu kwa kutoitumia.

Kiangazi kilichopita alikuja mwanaume mmoja kutoka Bukundi kwa pikipiki, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilimkaribisha ndani, nikampa maji. Akaniambia mkewe ana uvimbe, wanatakiwa kumpeleka India, na ndugu wamemtuma aje aniulize ipi bora, tiketi ya kurudishiwa au bima. Akatoa karatasi yenye bei zote mbili, akainyoosha magotini kwake.

"Mkeo yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yupo nje, mama. Kwenye kivuli cha ukuta. Amechoka na safari, nikaona asisumbuke."

"Mwite."

"Tutaongea tu sisi, kisha nitamweleza."

"Mwite, baba. Nikiongea na wewe peke yako sina la kukuambia."

Akatoka. Mwanamke akaingia taratibu, ameshika kiuno, kitenge amekifunga juu ya kifua jinsi wanavyofunga watu wanaoficha tumbo. Nilimpa kiti chenye mgongo. Nikachukua ile karatasi kwa mumewe nikamwekea yeye mapajani, nikamweleza, hii ni hivi, ile ni vile, hii ukizidiwa inakuwa hivi. Alisikiliza bila kupepesa.

"Sasa," nikamwambia, "mwili ni wako, wewe ndiye unayejua unavyokusumbua. Ungependa ipi?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa lugha ngeni. Kisha akageuka kumtazama mumewe, na mumewe akafungua mdomo kujibu.

Nikanyanyua mkono kumzuia. Chumba kikawa kimya. Nikakaa, nikamsubiri yule mwanamke.